Mbwa wa Mjomba Ndani ya Kigari cha Bwana Dawa

Wakati wa Mdachi, Rumonge nzima ilikuwa na baiskeli moja, na mtunzaji wake nilikuwa mimi. Mwenyewe alikuwa mzungu wa malale, aliyepita ufuko wote wa ziwa akishika watu shingo na kutazama damu yao kwenye vioo. Sisi tulimwita Bwana Dawa. Nyuma ya baiskeli yake kilifungwa kigari cha magurudumu mawili, hiki ambacho vijana wa siku hizi wanakiita tela: sanduku la mbao lisilo na kifuniko, limekaa juu ya vyuma, na mkono mrefu wa chuma ulionasa kwa kulabu chini ya kiti. Humo alipakia machupa yake. Kazi yangu ilikuwa kujaza upepo, kupaka vyuma mawese kwa sababu mafuta ya mashine yalitoka Usumbura kwa mwendo wa kinyonga, na kuisukuma baiskeli palipo na mchanga, yaani kila mahali.

Kazi hiyo niliipata kwa elimu. Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni, ambayo karani mmoja kutoka Pwani aliifungua kwa ajili ya mafundi, tukisoma baada ya magharibi kwa taa ya mawese iliyotujaza masizi puani. Nilitoka na karatasi yenye mhuri wa tai, na rula ya mbao ya sentimeta thelathini. Kutoka Usumbura mpaka Nyanza, waliojua sentimeta tulikuwa watatu, nami nahesabu rula pamoja. Nilipima kila kitu. Nilipima mlango wa mama, nilipima samaki kabla hajaingia chunguni, nikapima hata kivuli cha ukuta wa msikiti na kumwambia mwalimu wa chuo cha Kurani kwamba adhuhuri yake imechelewa sentimeta nne. Alinifukuza na ufagio, na alikuwa na haki.

Sasa mjomba. Mama yangu alizaliwa juu ya kilima cha Kizuka, kwenye michikichi, kabla ya kuolewa na baba na kusilimu. Kaka yake alibaki kule na mikuki yake. Alikuwa mwindaji wa nguruwe pori, na alikuwa na mbwa mmoja mwekundu, masikio yamechanika kama bendera iliyosahaulika mlingotini, amevaa njuga ya chuma shingoni kama mbwa wote wa wawindaji, ili bwana wake asikie yuko kichaka gani. Mke wa mjomba alikuwa amefariki zamani. Mtoto hakuwa naye. Alikuwa na mbwa.

Mwaka ule mjomba alianza kulala mchana. Mwanzoni tulimtania kwamba uzee umemfikia na godoro. Kisha akalala tonge likiwa mkononi, mchuzi unamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Bwana Dawa alimpapasa nyuma ya shingo, akakuta tezi zimevimba, akamchoma kidole, akainama kwenye kioo chake kwa muda mrefu. Ni malale, alisema, ila bado ni mapema. Sindano zitamfaa, na sindano ziko kambini upande wa Nyanza, mwendo wa siku mbili kwa kufuata ufuko. Yeye mwenyewe angeondoka keshokutwa alfajiri, na hangerudi Rumonge mpaka masika yapite.

Jirani wa mjomba aliwahi kuambiwa hivyo hivyo, akasema atangoja masika yapite. Tulimzika mvua ikinyesha.

Kwa hiyo mama aliponiita jikoni hakuwa na maneno mengi. Yeye alikuwa akichanganya Kirundi na Kiswahili kama sisi sote wa huku, na hasira ikimpanda Kirundi kilitangulia.

“Musaza wangu atakwenda kwenye sindano,” alisema. Musaza ni kaka. “Umubebe, umuvute, umudanganye, sitauliza. Ukirudi hapa bila kumufikisha, usinisalimie.”

Nilipanda Kizuka. Mjomba alinisikiliza vizuri, akakubali malale, akakubali sindano, akakubali hata Nyanza. Halafu akaonyesha kwa kidevu ndani ya nyumba, ambako mbwa alikuwa amelala kwenye mkeka. Mwezi mmoja kabla, nguruwe alimvunja mguu wa nyuma. Mjomba alikuwa ameufunga kwa vipande vya mti kuanzia paja mpaka ukucha, ukanyooka kama mpini wa jembe. Hatua kumi tu zilimshinda.

“Huyu nikimuacha, nani iko wa kumupa maji?” mjomba aliuliza. “Sema jina lake, mupwa wangu, nami nitakwenda leo hii.”

Majirani walikuwa wakimwogopa mbwa yule, na chui hakuwa mbali.

Mitumbwi ndiyo ingekuwa njia rahisi, maana Bwana Dawa mwenyewe angekwenda kwa mtumbwi pamoja na wagonjwa wengine watano na vioo vyake, homa ilikuwa imemlegeza. Lakini wapiga makasia wake walikuwa wavuvi kutoka Magara, na wavuvi wale walisema mbwa akikanyaga mtumbwi wao, ndagala wote, hawa dagaa wetu, watahama ziwa na kwenda kuishi Kongo. Niliwaambia mgonjwa atakufa. Wakasema na wao wana watoto.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Bwana Dawa akienda kwa maji, baiskeli itakwenda kwa nchi kavu, nikiisukuma mimi, na kigari nyuma yake kitakuwa kitupu. Nilikwenda kumwomba. Alikuwa amejifunika blanketi juani, anatetemeka. Alinitazama kama mtu anayehesabu wazimu wangu ni wa daraja gani, halafu akanipa amri kwa Kiswahili chake cha kijeshi.

“Msumari hapana. Tundu hapana. Siku mbili, siku tatu hapana. Sanduku likirudi na tundu moja, wewe kazi hapana.”

Nikapiga saluti, ingawa mimi sikuwa askari.

Ilibaki siku moja na nusu. Kigari kilikuwa na sanduku la kubebea chupa, lenye vigawanyo vya kuchomoka, mbao ngumu, na kila jiwe la njiani lilipita kwenye magurudumu moja kwa moja mpaka kwenye ubao. Mguu uliovunjika ungefika Nyanza umekuwa unga. Nilihitaji kitanda cha kuweka ndani yake, kilichofungwa kwa kamba tu. Na kitanda kinahitaji vipimo vya anayelala.

Hapa inabidi nieleze jambo. Sisi Waswahili wa mjini hatumgusi mbwa. Mate yake ni najisi, na kwetu najisi hiyo ilikuwa imevimba kupita fikihi yenyewe. Mjomba akija kututembelea, mbwa alibaki barabarani, na wakiisha ondoka mama alimwaga majivu mahali mbwa aliposimama, kisha akafagia majivu, kisha akafagia mahali ufagio ulipowekwa. Mimi nililelewa humo. Mbwa akikohoa Kizuka, mimi nilinawa Rumonge.

Basi sikumpima mbwa. Nilizunguka nyuma ya nyumba ya mjomba, ambako palikuwa na kishimo cha majivu alimolala mbwa huyo tangu ujana wake, kimechimbika kwa umbo lake barabara, na nikajiona mtu mwenye akili kuliko karani aliyenifundisha. Nilipiga magoti na rula. Mviringo, sentimeta hamsini na mbili upande huu, hamsini na mbili upande ule. Niliandika kwenye kiganja kwa mkaa nikashuka mbio.

Mchana ule nilisuka kikapu cha duara kwa vipande vya makuti ya mchikichi, nikajaza majani makavu ya ndizi, nikakifunga ndani ya sanduku kwa kamba kumi na nne. Si kwa sababu nimekisuka mimi, lakini sultani angelala humo akasahau nchi yake. Majirani walikuja kukiona. Mmoja aliuliza kama kuku wataruhusiwa kukikalia muda ukipatikana.

Asubuhi nilikisukuma mpaka Kizuka. Mjomba alimbeba mbwa wake mwenyewe, akamweka kikapuni. Na hapo nikaona nilichokuwa nimekipima. Nilikuwa nimempima mbwa wa zamani, mwenye miguu minne ya kukunja, anayejizungushia mkia na kulala kama kitumbua. Mbwa huyu wa sasa hakuweza kujikunja. Mguu uliofungwa vijiti ulisimama nje ya kikapu kama mlingoti, uzito ukamwinamisha, akaogopa, akajaribu kusimama kwa mitatu, akarudi nyuma mpaka ukingoni. Kigari kikalalia kisogo. Mkono wake wa chuma ukanyanyua baiskeli kwa nyuma, nami niliyekuwa nimeketi juu ya kiti kwa fahari, cheti changu mfukoni, nikaenda mbele kupita usukani na kutua kwenye matope ya shamba la mihogo. Wanaodai niliruka hatua sita wanapunguza.

Mbwa alilia mara moja tu. Mjomba akamtoa, akamrudisha mkekani, akakaa kizingitini.

“Imekataa,” alisema, bila hasira. “Na mimi nimekataa pamoja naye. Umwambie dada yangu nimeshukuru.”

Nilifungua kinywa kumjibu, nikakuta amekwisha lala, kichwa kwenye mwimo wa mlango, jua likimpiga usoni. Tezi zilionekana hata bila kushikwa. Nikageuza baiskeli nikashuka, na njiani niliapa kwamba kesho alfajiri mtu huyu atakuwa barabarani hata kama itabidi nimzae mbwa upya.

Sikwenda kwa mama. Nilikwenda kwa mwalimu wa chuo, yule wa ufagio. Nilimkuta anatengeneza kalamu ya mwanzi. Nilimweleza yote, na nikakiri kosa langu: nimepima shimo badala ya mbwa kwa sababu naogopa kumshika, na kumpima bila kumshika haiwezekani, kwa kuwa lazima nijue mguu unaanzia wapi na uzito umekaa wapi.

“Nani alikuambia ukimgusa mbwa mkono unakatika?” aliniuliza.

Nikasema hakuna aliyeniambia, nimekua nikijua tu.

“Mkavu kwa mkavu huna la kuosha. Akikulowesha kwa mate, unaosha mara saba, moja kwa udongo.” Akanyoosha kalamu kuelekea majini, ambako ziwa lilitanda mpaka milima ya Kongo. “Ziwa lote hili. Unaogopa maji yatakwisha?”

Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita tena. Alisema nikimaliza nisahau habari ya adhuhuri. Nikasema nimeisahau tayari.

Nilirudi Kizuka kwa mara ya nne katika siku mbili, na kilima kile mchana si kilima, ni ukuta. Nikaingia ndani ya nyumba ya mjomba nikakaa mkekani kando ya mbwa. Nikamwekea mkono ubavuni. Alikuwa na joto, na mbavu zake zilipanda na kushuka kama za mtu yeyote. Nilimpima kutoka pua mpaka kwenye mkia, nikampima kifua, nikaupima ule mguu pamoja na vijiti vyake, na kwa kuwa rula ilikuwa fupi nilimpima vipande vipande huku nikijumlisha kwa sauti. Mjomba aliamka akatukuta hivyo. Mbwa akageuza kichwa, akanilamba kuanzia kifundo cha mkono mpaka kwapani. Ulimi ule ulikuwa na urefu wa kanzu.

Nilikaa tuli mpaka akamaliza, kwa sababu vipimo vilikuwa havijakwisha.

Ufukweni nilichota udongo na kuanza kuosha. Wavuvi wa Magara walikuwa wakitengeneza mtumbwi wa Bwana Dawa, wakaacha kazi ili wanihesabie. Kila nilipofika mara ya tano mmoja wao aliuliza kama ile ya tatu ilikuwa imepanda mpaka kwenye kiwiko, wengine wakabishana, na hesabu ikaanza upya. Niliosha mara saba mara tatu. Mkono ule mpaka leo ni mweupe kuliko mwenzake. Lakini kelele zilipotulia, mmoja wao, mtu mzima aliyekuwa amekataa mbwa kwa maneno makali kuliko wote, alinitupia kipande cha wavu mkuukuu. Alisema kamba za kutosha sina, yeye ameona.

Wavu huo ndio uliookoa kazi. Nilikata kikapu cha sultani, nikatumia fito zake kufanya fremu ndefu, nikaifunga juu ya kingo za sanduku, na kuning’iniza wavu ndani yake kama machela, ili mbwa aelee na jiwe likipigwa na gurudumu lisimfikie. Upande wa miguu yake ya nyuma niliacha wazi ule uliovunjika upite umenyooka, umelala juu ya mto wa majani. Bila msumari hata mmoja. Jioni nilikipandisha Kizuka, likabaki jambo la uzito. Mjomba alisema mbwa lazima alale akitazama nyuma, amwone yeye, la sivyo ataruka. Sasa akitazama nyuma, kifua chake chote kinakwenda nyuma ya magurudumu, na nilikwisha jua kwa pua yangu kigari hufanya nini. Sanduku halikuwa na nafasi ya kumsogeza mbele zaidi.

“Basi weka kitu kizito mbele,” mjomba alisema.

Nikamuuliza kitu gani. Akaenda nyuma ya nyumba akarudi amekumbatia jiwe lake la kunolea mikuki, jiwe la baba yake, lenye uzito wa mbuzi wawili wenye mimba. Alisema na lenyewe hakutaka kuliacha, alikuwa hajasema tu kwa kuona nimekwisha sumbuka. Tuliliweka mbele kabisa, karibu na mkono wa chuma. Mbwa akapandishwa. Aliguna, akajinyoosha, akaweka kidevu juu ya ukingo. Nikatikisa kigari kwa nguvu zangu zote. Kilikaa.

Alfajiri tuliondoka. Mama alikuja mpaka njia panda na mihogo ya kuchemsha, akasimama mbali na kigari kama kawaida yake. Alimwangalia kaka yake, akamwangalia mbwa, akaniangalia mimi ninayenukia ziwa. “Genda amahoro,” alimwambia kaka yake. Nenda kwa amani. Mimi akanipa mihogo.

Watu wakiniuliza, huwa nasema niliendesha baiskeli kutoka Rumonge mpaka Nyanza nikivuta mbwa, mjomba na jiwe. Kwa kuwa haya ni maandishi, nitasema kweli: niliendesha labda hatua ishirini, mahali palipofyekwa kwa ajili ya mbung’o, udongo ukiwa mgumu. Kwingine kote nilisukuma. Mjomba alitembea nyuma ya kigari, mkono mmoja ukingoni, macho kwa mbwa. Jua lilipopanda usingizi ulimjia akiwa anatembea. Niliusikia kabla ya kuuona, kwa sababu hatua zake zilianza kuburura. Nikitikisa usukani, kigari kilitikisika, njuga ikalia, na mjomba, ambaye miaka thelathini aliamka kwa njuga ile vichakani, akainua kichwa akaongeza mwendo. Basi nikawa natikisa. Nilitikisa siku mbili. Usukani ule ulipofika Nyanza ulikuwa umelegea kama jino la mtoto, na mimi mabega sikuyasikia.

Kwenye mito tulibeba kigari vichwani, mbwa ndani yake, maji yakitudondokea kutoka kwenye manyoya yake. Mto wa kwanza nilianza kuhesabu saba zangu. Mto wa pili niliahirisha. Mto wa tatu mbwa aliteleza kidogo, nikamkumbatia kwa mikono miwili, uso wangu ndani ya shingo yake, tukavuka hivyo.

Jioni ya siku ya pili tuliona moshi wa kambi. Bwana Dawa alitoka hemani mwenyewe, homa imempungua, na hakutusalimu kwanza. Alipiga magoti akapitisha vidole kwenye sanduku lake, ubao kwa ubao, kwa nje na kwa ndani, akitafuta tundu. Hakupata. Akatazama wavu, akaubonyeza, mbwa akabembea. Akaubonyeza tena. Halafu akaita karani wa daftari.

Karani alikuwa na haraka, aliuliza bila kuinua macho wagonjwa wangapi wametoka Kizuka.

“Wawili,” mjomba alisema.

Karani akanitazama mimi. Nikasema mimi narudi. Akachungulia kigarini, akamtazama Bwana Dawa, na Bwana Dawa akaangalia upande wa ziwa. Karani akaandika. Sijui aliandika nini, ingawa nilijua kusoma, kwa maana nilikuwa nimekwisha anza kufungua kamba: kigari kilitakiwa kikiwa kitupu. Ile fremu na wavu wake tuliitundika kwenye baraza la kibanda alichopewa mjomba, na jiwe tukaliweka chini yake. Kabla sijaondoka nilimwona akipanga mstari wa sindano, mkono wa shati umekunjwa, yu macho.

Alikaa kule masika mawili. Wengi niliowaona kwenye mstari ule hawakurudi makwao, na siwezi kulifanyia hilo mzaha. Mjomba alirudi. Alirudi kwa miguu yake, amekonda, tezi zimekwisha, mchana kutwa haachi kusema, na mbele yake mbwa akitembea kwa miguu mitatu na nusu, ule wa nyuma ukiwa umepona lakini umekataa kukunjika kabisa. Njuga tuliisikia kabla hawajafika njia panda.

Mama alikuwa amesikia kwa watu wa mitumbwi kwamba wako njiani. Nilipotoka kazini siku ile nilimkuta amechuchumaa ndani ya ua, karibu na lango, mahali ambapo hakuna mbwa aliyewahi kukanyaga. Alikuwa amemwaga majivu, nikadhani anataka kufagia. Hakuwa na ufagio. Alikuwa akichimba kwa jembe la mkono, akipangusa kingo kwa kiganja. Kishimo kilikuwa kirefu, si cha mviringo, na upande mmoja alikuwa amekiongeza mfereji mdogo ulionyooka wa kulaza mguu.

“Hebu leta hiyo rula yako,” alisema.